Arbuni Ikishatoka Mkononi

“Weka chochote, mzigo usiondoke.” Aliyewahi kutafuta nyumba au kiwanja Dar es Salaam ameshaambiwa hivyo na dalali, aghalabu wakiwa bado wamesimama juani mbele ya geti. Chochote hicho kikishatoka mfukoni, mambo hugeuka. Jana muuzaji ndiye aliyekuwa akipiga simu. Leo anayepiga ni mnunuzi. Hati iko wapi? Mama watoto ameridhia? Yule kaka yako wa Mwanza anajua kwamba nyumba ya marehemu baba inauzwa? Maswali ni yale yale ambayo angeweza kuyauliza juzi, ila juzi jibu baya lingemrudisha nyumbani na fedha zake.

Kiswahili kina neno la kale la fedha hiyo ya kushikia biashara: arbuni. Wasomaji wa Biblia wanalijua kwa sura ya arabuni, katika nyaraka za Paulo, anapomtaja Roho kuwa ni arabuni mioyoni mwa waumini. Neno lilitoka Uarabuni pamoja na mjadala wake. Mafakihi wa Kihanafi, Kimaliki na Kishafii hawakuikubali biashara ambayo mnunuzi akighairi arbuni yake inaliwa, kwa hoja kwamba muuzaji anakula mali ya mtu bila kumpa kitu. Wahanbali waliiruhusu, kwa kuwa muuzaji naye alifunga mlango kwa wateja wengine akimsubiri huyu. Kila upande ulikuwa na haki yake, na ndiyo maana ugomvi huo haujaisha hadi leo katika ofisi za mawakili.

Masharti ndani ya ofa ni njia ya kuumaliza ugomvi huo kwa maandishi kabla haujazuka. (Tanzania neno ofa lina maana yake nyingine katika mambo ya ardhi, ile barua ya serikali ya kummilikisha mtu kiwanja. Hapa nazungumzia ofa ya mnunuzi kwa muuzaji.) Mnunuzi anasema: nitanunua kwa bei hii, ukaguzi ukiniridhisha, benki ikitoa mkopo, hati ikithibitika. Moja likikwama, natoka na arbuni yangu inarudi. Ni milango ya kutokea ndani ya chumba ambacho mtu amekubali kuingia. Kila mlango una bei yake, na hakuna mlango wenye thamani kuliko umbali uliopo kati ya fedha na mkono wa muuzaji. Mengi yanayoandikwa kuhusu jambo hili huorodhesha milango na kuyasahau haya mawili.

Nchi iliyoyafanya masharti haya kuwa kazi ya kila siku ni Marekani, na wapo Wakenya, Watanzania na Wakongo wengi wa Texas, Minnesota na Ohio walioyasaini bila kupata muda wa kuyasoma. Huko arbuni kwa kawaida ni kati ya asilimia 1 na 3 ya bei. Haiendi kwa mwenye nyumba. Inakaa kwa mshika amana: kampuni inayosimamia uhamisho wa umiliki, au wakili, au akaunti ya amana ya ofisi ya wakala, kutegemea jimbo. Mpangilio huo mdogo ndio unaoyapa masharti meno, kwa sababu muuzaji hawezi kuzila fedha ambazo hazijamfikia.

Sharti linalojulikana zaidi ni la ukaguzi. Mnunuzi anapewa siku kadhaa, mara nyingi saba hadi kumi, za kumleta mkaguzi atakayepanda darini, kupima nyaya za umeme, kutazama msingi, kutafuta mchwa, na kupitisha kamera ndani ya bomba la maji taka. Akikuta nyufa, anaweza kuondoka, kudai matengenezo, au kuomba bei ipunguzwe. Kwa nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 sheria ya shirikisho inampa nafasi ya siku 10 kukagua rangi yenye risasi, madini yale yanayodhuru ubongo wa mtoto, isipokuwa akiiacha haki hiyo kwa maandishi.

Texas wamelifanya jambo hili kwa uwazi unaonifurahisha. Mnunuzi anamlipa muuzaji ada ndogo, na kwa ada hiyo anapata siku walizokubaliana ambazo ndani yake anaweza kughairi kwa sababu yoyote au bila sababu kabisa. Hapo hakuna anayejifanya. Uhuru wa kughairi ni bidhaa, inauzwa kwa siku, na ada hiyo muuzaji habanwi kuirudisha. Wahanbali na wapinzani wao wangeweza kukaa meza moja juu ya mkataba wa namna hiyo na kuujadili bila kupigiana kelele.

Sharti la uthamini halieleweki kirahisi, na ndilo linalowaumiza wengi. Tuseme umekubali kununua nyumba kwa dola 320,000, na benki imeahidi kukukopesha asilimia 80. Umejiandaa kutoa dola 64,000 zako, benki itoe 256,000. Mthamini wa benki anakwenda na kusema nyumba ni ya dola 300,000 tu. Benki haikopeshi juu ya bei uliyoipenda wewe. Inakopesha juu ya thamani iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Asilimia 80 ya 300,000 ni 240,000. Ghafla unatakiwa utoe 80,000. Hizo 16,000 za ziada hazikuwa katika hesabu yako, na bila sharti la uthamini muuzaji ana haki ya kukuambia uzilete au uache arbuni. Mikopo iliyodhaminiwa na serikali kupitia FHA, mamlaka ya nyumba ya shirikisho, hailiachi jambo hili kwa busara ya mnunuzi: inalazimu mkataba uwe na kifungu kinachomruhusu kutoka thamani ikipungukia bei.

Na mkopo wenyewe? Barua ya awali ya benki siyo mkopo. Ni neno la kheri. Kati ya siku ya ofa na siku ya kukabidhiana funguo, mtu anaweza kupoteza kazi, au akanunua gari kwa mkopo kwa furaha ya nyumba mpya, na benki ikajitoa. Sharti la mkopo linamlinda, lakini si kila wakati: mahakama za huko zinamtaka mnunuzi awe amefanya jitihada za kweli. Aliyekaa nyumbani bila hata kupeleka maombi, kisha akadai benki imemnyima, hukuta mlango umefungwa.

Yapo mengine ninayoyapita haraka. Mnunuzi anaweza kusema atanunua ikiwa nyumba yake ya sasa itauzwa. Wauzaji hawalipendi sharti hili, na wanaolikubali mara nyingi hubaki na haki ya kuendelea kuonyesha nyumba, kisha mwingine akija, mnunuzi wa kwanza hupewa muda mfupi, mara nyingi saa 72, aondoe sharti au aondoke. Lipo sharti la umiliki, kwamba historia ya hati ichunguzwe na bima ya umiliki ipatikane. Kwa Mmarekani hilo ni karatasi tu kati ya karatasi nyingi. Kwetu, kama tutakavyoona, ndilo linalobeba mengine yote.

Sharti la bima ya nyumba nalo halikuwa kitu miaka michache iliyopita. Mei 2023 kampuni ya State Farm ilitangaza kuacha kupokea maombi mapya ya bima ya nyumba California, ikitaja hatari ya majanga na gharama za ujenzi. Bila bima hakuna benki inayokopesha, kwa hiyo mnunuzi mwenye busara wa maeneo ya mioto na vimbunga sasa anaandika kwamba ofa yake inasimama ikiwa atapata bima kwa gharama anayoimudu. Na tangu jengo la Champlain Towers South lilipoporomoka Surfside, Florida, tarehe 24 Juni 2021, na kuua watu 98, hakuna anayenunua fleti ya ghorofani kwa akili timamu bila kuweka siku za kusoma makaratasi ya umoja wa wakazi: ripoti za wahandisi, akiba ya matengenezo, michango ya dharura inayokuja. Jengo lile lilikuwa na ripoti ya mhandisi ya 2018 iliyoeleza uharibifu mkubwa wa zege. Ilikuwa imeandikwa, ikawekwa kwenye jalada.

Basi kwa nini miaka ya 2020 hadi 2022 wanunuzi wengi wa Marekani waliyatupa masharti haya kwa hiari yao? Kwa sababu fedha zilikuwa rahisi na nyumba zilikuwa chache. Januari 2021 riba ya wastani ya mkopo wa miaka 30, kwa hesabu za Freddie Mac, kampuni ya mikopo ya nyumba, ilishuka hadi asilimia 2.65, kiwango kisichowahi kuonekana katika rekodi zake. Nyumba moja ilipata ofa kumi kwa wikiendi moja. Muuzaji mwenye ofa kumi haangalii bei peke yake. Anaangalia ipi haina mlango wa nyuma. Wanunuzi wakawa wanashindana kufunga milango yao wenyewe, hadi wengine wakanunua nyumba bila mkaguzi kukanyaga sakafu. Oktoba 2023 riba ilipofika asilimia 7.79, mashindano yalipoa na masharti yakaanza kurudi mezani, ingawa hakuna sheria iliyokuwa imebadilika. Nguvu ya mezani ndiyo iliyohama.

Sisemi kwamba kuacha sharti ni ujinga daima. Fundi aliyejenga nyumba miaka 20, mwenye fedha taslimu na akiba ya matengenezo, anaweza kuacha ukaguzi na kuitumia nafasi hiyo kupata bei nzuri; hatari imekwenda kwa mtu anayeiweza. Kichekesho cha uchungu ni kwamba kwenye soko la moto anayeshindana naye ni muuguzi anayenunua nyumba ya kwanza, ambaye bomba moja la maji taka likipasuka anaishiwa. Wote wawili wanasaini karatasi inayofanana, na muuzaji haoni tofauti. Njia za katikati zipo: kukagua kabla ya kutoa ofa, kufupisha siku badala ya kufuta sharti, au kukubali kufidia pengo la uthamini hadi kiasi kilichotajwa na si zaidi ya hapo. Massachusetts walichoka kuliacha jambo hili mikononi mwa soko. Tangu Oktoba 15, 2025, kanuni za jimbo hilo zinamkataza muuzaji wa nyumba za kawaida kuifanya ofa ikubalike kwa sharti la mnunuzi kuacha haki ya ukaguzi.

Ulaya hawana wasiwasi wa aina moja. England hawahitaji masharti mengi kwa sababu mapatano hayambani mtu hadi mikataba ya maandishi ibadilishwe. Mnunuzi yuko huru, na muuzaji pia yuko huru kumwacha kwenye mataa dakika ya mwisho kwa ajili ya ofa kubwa zaidi, baada ya mtu kulipa mkaguzi na wakili. Uskoti iliusogeza ukaguzi nyuma: tangu Desemba 2008 muuzaji ndiye anayetakiwa kuandaa ripoti ya nyumba, pamoja na thamani yake, kabla ya kuitangaza. Wafaransa ndio walionivutia zaidi. Sheria yao ya 1979 inalifanya sharti la mkopo kuwa sehemu ya mkataba wenyewe kwa anayenunua kwa kukopa, kwa muda usiopungua mwezi mmoja. Benki ikimkatalia, fedha zake zinarudi. Mnunuzi hana haja ya kuwa jasiri kulidai.

Pwani yetu haikusubiri Wafaransa. Neno hiari tunalolitumia kila siku limetoka kwenye shina moja na khiyari, istilahi ya fikihi ya biashara. Ipo khiyari ya kikao, pande mbili kuwa huru kughairi kabla hawajaachana mahali walipouziana. Ipo khiyari ya aibu, haki ya kurudisha kitu chenye kasoro iliyofichika, hata kama hamkuitaja. Na ipo khiyari ya sharti, ambayo ndiyo ndugu wa damu wa masharti tunayoyazungumza. Inasimuliwa kwamba Mtume alimwelekeza mtu aliyekuwa akipunjwa sokoni awaambie wauzaji kuwa pasiwe na hadaa, na baadhi ya mapokezi yanampa siku tatu za kuamua. Wanazuoni wa Kishafii, madhehebu ya wengi katika pwani hii, walisimama kwenye siku hizo tatu wasizidishe. Siku tatu zinatosha kumjua ng’ombe. Kwa nyumba yenye mirathi ya matumbo matatu hazitoshi, na wengine kama Wahanbali waliacha muda uwe ule watu walioafikiana.

Kisha kuna upande wa pili wa khiyari, ambao Zanzibar na Oman waliujua vizuri mno katika karne ya 19. Mwenye shamba la mikarafuu aliyehitaji fedha “alimuuzia” shamba mfanyabiashara, akabaki na hiari ya kulikomboa ndani ya muda uliotajwa kwa kurudisha fedha, na mara nyingi akaendelea kulitumia kwa kulipa pango. Kwenye karatasi ilikuwa bei ya khiyari. Kwa kazi yake ilikuwa mkopo, uliopita kando ya riba. Sharti lilikuwa la muuzaji, siyo la mnunuzi, na tarehe ndiyo iliyokuwa na makali: ikipita, shamba limekwenda. Naileta habari hii kwa sababu tunapenda kudhani kuwa sharti ni ngao ya mnyonge. Sharti ni chombo. Anayeshika mpini ni yule aliyeandika tarehe.

Tuje sasa kwetu. Nikiulizwa tofauti moja kati ya soko la Marekani na la kwetu, nitasema hivi: kule masharti yanaihoji nyumba, huku yanapaswa kumhoji muuzaji. Ufa ukutani utauona kwa macho. Fundi wako atauziba. Usichokiona ni mke wa pili, benki iliyoshika hati, ndugu watano wa mirathi, na kiwanja kilichogawiwa mara mbili. Ndiyo maana kuta za miji yetu zimeandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI, wakati mwingine na nyongeza ya kuwaonya watu wajihadhari na matapeli. Mwenye nyumba analazimika kuutangazia ulimwengu kwamba hauzi, kwa sababu mtu mwingine anaiuza.

Kenya wana utaratibu uliokomaa zaidi kwa upande wa fedha. Mkataba wa ardhi lazima uwe wa maandishi, umesainiwa na kushuhudiwa. Desturi ni arbuni ya asilimia 10 na siku 90 za kukamilisha, na mikataba mingi huyachukua masharti ya mauzo ya Chama cha Mawakili cha Kenya kama msingi. Linalopaswa kusomwa kwa kidole ni sentensi inayosema fedha zinakaa kwa nani na kwa cheo gani. Wakili wa muuzaji akizishika kama mshika amana wa pande zote mbili, hawezi kuzitoa hadi mambo yakamilike. Akizishika kama wakala wa mteja wake, hizo tayari ni fedha za muuzaji zilizopumzika kwa muda tu.

Baadhi ya masharti huko hayahitaji kuandikwa na mnunuzi, kwa kuwa sheria imeshayaandika. Ardhi ya kilimo haiuzwi bila ridhaa ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na maombi yanatakiwa ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila ridhaa hiyo mkataba unahesabika kuwa batili na fedha zinadaiwa kama deni. Mali ya ndoa inahitaji ridhaa ya mwenza. Lakini kuwepo kwa sharti katika sheria hakumrudishii mtu fedha zilizokwisha tumika kulipa karo. Deni juu ya mtu asiye na kitu ni karatasi.

Kisha ikaja hukumu ya Aprili 2023, ambayo kila mnunuzi wa Kenya anapaswa kuifahamu. Kampuni ya Dina Management ilikuwa na hati ya kiwanja cha Nyali, Mombasa, ufukweni. Serikali ya Kaunti ikavunja ukuta ikidai kuna njia ya umma ya kufika baharini. Kampuni ilikuwa imenunua, ina hati, na kabla yake kulikuwa na wamiliki wengine hadi kufika kwa aliyemilikishwa mwanzo, Rais Daniel arap Moi, mwaka 1989. Mahakama ya Juu ikasema hati peke yake haitoshi: umilikishwaji wa kwanza haukufuata utaratibu, basi hakuna aliyekuja baadaye aliyeweza kupata haki ambayo haikuwapo. Kwa mnunuzi maana yake ni moja. Sharti la “upekuzi ukionyesha jina la muuzaji” limepitwa na wakati. Linatakiwa sharti linalompa muda wa kufuata mnyororo hadi pete ya kwanza: nani alimilikishwa, kwa barua gani, kiwanja kilikuwa nini kabla. Kazi hiyo haimalizwi kwa siku saba, na muuzaji mwenye haraka atanuna.

Tanzania, Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 nayo inataka mkataba wa maandishi, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Penye hati, upekuzi kwa msajili wa hati unaonyesha rehani na zuio. Pasipo na hati, ambako ndiko watu wengi wananunua, sajili ni kichwa cha mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kumbukumbu za majirani. Huko sharti la maana ni la watu: majirani wa pande nne waje wasimame mipakani, na kama mali ni ya marehemu, auze msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama, na muhtasari wa kikao cha ukoo uwekwe mezani. Nimewahi kuona muhtasari wenye sahihi tisa, nane kati yake zimeandikwa kwa mwandiko mmoja. Ardhi ya kijiji ina mlango wake mwingine, idhini ya halmashauri ya kijiji.

Liko sharti ambalo mnunuzi wa ughaibuni husahau kwa kuwa linamhusu yeye mwenyewe. Mtanzania aliyechukua uraia wa Marekani si raia tena machoni pa sheria ya ardhi, na Sheria ya Ardhi ya 1999 ilipotungwa haikumruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi Tanzania isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kenya inaruhusu uraia pacha. Ila Mkenya aliyepoteza uraia bila kuurudisha anabaki na upangaji usiozidi miaka 99. Wengi wanapitisha mali kwa jina la ndugu. Hapo hakuna sharti la mkataba litakalokusaidia, kwa sababu mkataba si wako.

Sharti linaloandikwa “hati ikiwa safi” ni shairi. Safi kwa kipimo cha nani, kufikia lini, na isipokuwa safi nini kinafuata? Linganisha na hili: “Mnunuzi atakamilisha upekuzi ifikapo Machi 14. Upekuzi ukionyesha rehani, zuio au jina lisilo la muuzaji, mnunuzi anaweza kuvunja mkataba kwa taarifa ya maandishi, na wakili anayeshika fedha atazirudisha zote ndani ya siku 7.” Ina tarehe, ina mwamuzi, ina mshika fedha, ina muda wa kurudisha. Bado imeacha tundu moja: Machi 15 ikifika mnunuzi yuko kimya, sharti limekufa au linaishi? California mikataba ya kawaida inataka mnunuzi aliondoe sharti kwa maandishi, na kimya chake pekee hakimuondolei ulinzi. Katika majimbo mengine muda ukipita sharti limekwenda. Kwetu mikataba mingi haisemi lolote, na kimya hicho humnufaisha aliyekwishashika fedha.

Muuzaji naye si adui. Kila siku ya sharti ni siku aliyowafukuza wateja wengine, na wapo wanunuzi wanaotoa ofa kubwa ili washike nyumba, kisha wanautumia ukaguzi kuikata bei vipande vipande wakijua mwenzao amechoka. Kwetu wengi wanaouza wana shida ya leo: hospitali, karo, deni. Mtu huyo ukimwambia fedha zitakaa kwa wakili siku 90 atasikia unamwambia asubiri kufa. Ukitaka milango mingi, ongeza bei kidogo, au fupisha siku, au kubali sehemu ndogo ya arbuni imfikie mapema, kiasi ambacho ukikipoteza utalala.

Miaka kadhaa iliyopita niliitaka nyumba moja ya vyumba vitatu upande wa Kigamboni. Nikamwambia mzee mwenye nyumba kwamba naweza kulipa bei yake yote, ila fedha zikae kwa wakili mpaka watoto wake wakubwa wawili wasaini na upekuzi urudi. Wiki tatu, nikamwomba. Alinitazama kwa huruma. “Mwanangu,” akasema, “wewe hujataka nyumba, umetaka karatasi.” Siku nne baadaye dalali akanipigia kwamba imekwenda, mteja alikuja na fedha mkononi jioni, hakuuliza chochote. Nimepita pale mara kadhaa tangu hapo. Wamepaka rangi ya maziwa, wameongeza kibaraza, na Jumapili ya mwisho nilikuta watoto wanaoga kwa mpira wa maji uani. Yule aliyelipa jioni ile bado yupo.